Hasira ya Mnunuzi kwa Asichouziwa



Huenda ukastaajabu kuona mtu wa umri wangu, ambaye umezoea kumsoma akizungumza juu ya malezi na haki za jirani, leo amechukua kalamu kuandika habari za michezo ya vijana, ile ichezwayo kwa mashine na kioo cha televisheni. Usiharakishe kufunua ukurasa. Jambo lenyewe ni la mchezo, lakini ndani yake mna kuuziana, mna ahadi, mna hasira na mna ulimi, na hayo yote si mchezo. Wala sikusudii hapa kusema kama kucheza michezo hiyo ni kuzuri au ni kubaya. Hilo lina pahala pake na siku yake.

Kwanza yapasa tuelewane mambo yalivyo, kwani wazee wenzangu wengi huyasikia majina haya wasijue hata ni kitu gani. Wenye mashine wakubwa ni watatu: Sony na mashine yake ya PlayStation, Microsoft na Xbox, na Nintendo, ambayo kila baada ya miaka hutoa mashine yenye jina jipya. Mchezo uliotengenezwa kwa mashine ya huyu hauingii katika mashine ya yule. Sasa, watengenezaji wengi wa michezo si wao wenye mashine. Wao hutengeneza mchezo, wakaufanyia nakala ya kila mashine, na kwa kila nakala inayouzwa mwenye mashine hupata fungu lake. Na fungu hilo ndilo faida yao hasa, kwani mara nyingi mashine yenyewe huuzwa kwa faida ndogo, au kwa hasara ikiwa mpya. Ni kama mtu akuuziaye jiko la gesi kwa bei nafuu akijua kwamba gesi utakuja kununua kwake miaka na miaka. Basi kila mwenye mashine hutafuta kitu ambacho hakipatikani kwa mwenziwe, ili watu waje kwake. Na kitu hicho ni mchezo.

Hapo ndipo inapotoka fitina. Kijana amenunua mchezo wa kwanza kwa mashine aliyo nayo. Ameupenda, amengoja wa pili miaka mitatu au minne. Siku ya kutangazwa aambiwa: huu wa pili ni wa mashine ya fulani pekee, ukiutaka, kanunue na mashine yake.

Mimi niliyajua haya kwa mjukuu wangu. Mama yake alinijia akaniambia, "Baba, zungumza na huyu mtoto. Anawatukana watu wa ng'ambo asiowajua, na nyumbani hasemi na mtu." Kijana ana miaka kumi na saba, na ile mashine aliinunua, imetumika, kwa pesa za kuchukulia watu mizigo likizo nzima. Sitautaja mchezo alioutaka wala waliomkasirisha. Alikuja baada ya Alasiri, ameinamisha kichwa akingojea kukaripiwa. Nikamwambia, "Sijakuitia kukugombeza. Nieleze kwanza, nielewe." Basi alinieleza mpaka karibu na Magharibi, akanitajia mifano miwili iliyokwisha kutokea huko nyuma, nami nikaifuatilia moja moja. Ndiyo nitakayokuelezea, kwani ingawa kwa nje yafanana, kwa ndani haifanani hata kidogo.

Wa kwanza waitwa Bayonetta. (Shujaa wake ni mwanamke mchawi, na mavazi yake, kwa kweli, si ya kupigiwa mfano katika kurasa hizi.) Ulitengenezwa na PlatinumGames, kampuni ya mji wa Osaka huko Japani, ukauzwa na kampuni ya Sega, na ulianza kutoka mwaka 2009 kwa PlayStation 3 na kwa Xbox 360. Wenye mashine hizo wakaupenda sana. Kisha tarehe 13 Septemba 2012 ikatangazwa kuwa wa pili utatoka kwa Wii U pekee, mashine mpya ya Nintendo, ambayo siku hiyo ilikuwa haijafika hata dukani. Ilianza kuuzwa Novemba mwaka ule.

Ghasia ikawa kubwa. Walioupenda wa kwanza wakasema wametupwa. Wengine wakaapa hawatagusa tena kitu cha kampuni ile, wengine wakamwandikia matusi Hideki Kamiya, aliyeuongoza mchezo wa kwanza. Naye, kwa kuwa si mtu wa kunyamaza, akawajibu kwa maneno yake makavu, na wengine akawafungia mlango wasimwandikie tena.

Lakini hebu tulia, msomaji wangu, utazame kilichokuwa nyuma ya pazia. Kazi ya mchezo wa pili ilikuwa imekwisha kuanzwa kwa fedha za Sega. Mwaka ule 2012 Sega ilitangaza kupunguza shughuli zake na kubaki na majina machache iliyokuwa ikiyategemea. Kazi ikasimama. Mchezo ule ulikuwa umekufa, umebaki kuzikwa tu. Nintendo ndiyo iliyotoa fedha ukafufuka, na Atsushi Inaba, mmoja wa wakuu wa PlatinumGames, alieleza waziwazi kwamba lau si Nintendo, mchezo wa pili usingalikuwako.

Sasa nakuuliza: yule kijana mwenye PlayStation alinyang'anywa nini? Alikuwa anakasirikia kukosa kitu ambacho, pasi na huyo anayemkasirikia, kisingekuwa chake wala cha mtu yeyote. Mfano wake ni watu wa mtaa waliokuwa wakichota kisima cha mtu mmoja, mwenyewe akashindwa kukifukua, kikajaa mchanga. Akaja tajiri akakinunua, akakichimba upya, akakitia ndani ya ua wake. Jirani ana haki ya kuhuzunika, maana alikuwa akinywa hapo. Lakini akisimama mlangoni akasema "umenizibia kisima changu", atakuwa amesema uongo mara mbili: hakikuwa chake, na hakuzibiwa na huyo. Na katika habari hii tajiri alifanya na ziada: mchezo wa pili ulipotoka mwaka 2014, wa kwanza nao uliletwa katika Wii U, ili mgeni asianzie hadithi katikati.

Mjukuu wangu aliposikia hayo alisema, "Babu, lakini mimi pesa ya mashine ya pili sina." Nikamwambia hilo ni kweli, na ni zito, lakini ni neno la umaskini wetu, si neno la dhuluma yao, na mtu asiyeyatenganisha mawili hayo atakwenda kugombana na kila duka lenye kioo.

Ama mfano wa pili, huo ni mwingine kabisa. Mchezo wa Tomb Raider ulitengenezwa upya ukatoka Machi 2013 kwa mashine za Sony na za Microsoft na kwa kompyuta. Wenye kuuza, Square Enix, walitangaza kuwa nakala milioni 3.4 zilikwisha kuuzwa katika majuma manne, na bado wakasema ni chini ya walivyotarajia. Mchezo huu haukufa. Haukuugua hata homa. Kisha tarehe 12 Agosti 2014, huko Köln katika Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya michezo, ukatangazwa wa pili, Rise of the Tomb Raider, kuwa utatoka mwisho wa mwaka 2015 kwa Xbox pekee.

Hapa hapana kisima kilichokauka. Hapa maji yapo, na mtu ametoa fedha ili wengine wasichote kwa muda. Wanazuoni wetu wamezungumza sana juu ya ihtikari, yaani kuzuia bidhaa watu wakiihitaji, na wengi wao wamelihusisha zaidi na chakula. Mchezo si chakula, wala hapana aliyekufa kwa kukosa kuucheza, kwa hivyo sitalibeba neno hilo zito nikalitua hapa. Ila nasema kuna tofauti kati ya aliyetoa mali kitu kipatikane na aliyetoa mali kitu kisipatikane. Wa kwanza ameongeza kitu duniani. Wa pili hakuongeza ila ukuta. Sheria za nchi zaweza kuwaona sawa, kwani wote wawili wana mikataba yenye sahihi, lakini mimi siwaoni sawa.

Utaniambia: aliyekuuzia cha kwanza hana deni la kukuuzia cha pili. Ni kweli. Biashara ya kwanza ilikwisha pale ulipotoa thamani ukachukua mali. Fundi akikushonea kanzu hakuahidi kofia. Lakini fundi yule yule akikupa kanzu akakuambia "kofia yake yaja", na kanzu akaidarizi nakshi zisizokamilika ila kwa ile kofia, kisha kofia ilipokuja akawauzia wale tu walionunua viatu kwa rafiki yake, wewe hutakwenda kwa kadhi, maana huna hoja. Lakini utaondoka na kitu moyoni, na sioni haki ya mtu kukwambia huna sababu. Hadithi hizi za vijana huachwa makusudi zikining'inia mwishoni ili mtu angoje inayofuata. Mwenye kumngojesha mtu amechukua kitu kwake, hata kama hakuna hati iliyoandikwa.

Na sasa tazama dunia inavyozunguka. Waliolia zaidi mwaka 2014 walikuwa wenye PlayStation. Lakini Tomb Raider wa mwanzo kabisa, wa mwaka 1996, ulitoka pia kwa Saturn, mashine ya Sega, na huko Ulaya wenye Saturn ndio waliotangulia kuupata. Mwaka uliofuata, 1997, Sony ilitia mkataba na kampuni ya Eidos iliyokuwa ikiuuza, kwamba katika mashine za nyumbani mchezo huo utatoka kwa PlayStation tu. Basi wa pili ulipotoka mwaka ule ule, mwenye Saturn, aliyekuwa wa kwanza kuupokea, akabaki mlangoni. Sikusikia kwamba wenye PlayStation waliandamana kumlilia. Nilipomsomea mjukuu wangu habari hii alicheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu tuanze mazungumzo, akasema, "Kumbe kila mtu hulia zamu yake tu." Sikumwongezea neno.

Limebaki jambo la ulimi, nalo ndilo lililomleta mama yake kwangu. Kijana alikuwa amemwandikia mtengenezaji mmoja maneno ambayo sitayaandika. Nikamuuliza, "Huyu ndiye aliyetia sahihi mkataba?" Akasema hapana, huyu huchora tu. Basi hapo ndipo pabaya pa hasira za namna hii: mwenye kuamua hukaa ghorofani hasomi barua, na matusi humwangukia mchoraji, au mwandishi wa hadithi, mtu wa mshahara ambaye labda yeye mwenyewe alitaka kazi yake ifike kila nyumba. Katika ghasia ya Bayonetta ilikuwa hivyo hivyo. Waliotukanwa ni waliokuwa wakihangaika kuukoa mchezo, na walioacha kutoa fedha hawakusikia hata robo yake.

Nilimwambia kijana ayafute, akayafuta. Kisha nikamwambia aandike upya, akashangaa, kwani alidhani namtaka anyamaze. Sikumtaka anyamaze. Mnunuzi aliyetoa jasho lake ana haki ya kuuliza. Tukakaa usiku mmoja tukaandika barua, yeye kwa Kiingereza chake na mimi nikimuuliza kila sentensi maana yake nini. Ilikuja kurasa mbili, nikamwambia aipunguze. Ikapungua hata ikabaki swali moja.

Swali hilo tulilipata katika habari ile ya mwaka 2014. Tangazo la Köln lilikuwa limesema mchezo ni wa Xbox pekee, na likaishia hapo, kila mtu akafahamu alivyofahamu. Katika kelele zote zile, kilichozaa matunda hakikuwa viapo wala laana. Waandishi walimwuliza Phil Spencer, mkuu wa Xbox, kwa maneno ya kawaida: je, mkataba huu una mwisho au hauna? Naye, siku chache tu baada ya tangazo, akakiri kwamba una muda wake. Mchezo ukatoka kwa Xbox tarehe 10 Novemba 2015, kwa kompyuta Januari 2016, na kwa PlayStation 4 tarehe 11 Oktoba 2016, pamoja na nyongeza zote ambazo waliotangulia walizinunua mbalimbali.