Aliyeoka Keki ni Nani?

Wasikilize Wakenya wakizungumza siasa na utadhani wako jikoni. Aliyeshinda uchaguzi amepata ulaji, aliyeshindwa anameza mate. Jamii hugombania keki ya taifa. Anayetaka hongo huomba chai, na aliyenyimwa cheo hulalamika kwamba ametupiwa mfupa ilhali wenzake wanatafuna mnofu. Hata mtoto mdogo huielewa lugha hii bila kufafanuliwa.

Ndiyo sababu mimi, mwalimu wa Historia katika shule ya upili ya kutwa, hupenda kufundisha kwa katuni za siasa zenye chakula ndani yake. Kitabu cha kiada humpa mwanafunzi tarehe na majina ya mikataba, naye huyakariri hadi siku ya mtihani, kisha huyasahau. Lakini mwonyeshe mtu mnene aliyeshika kisu mbele ya keki na hatasahau. Hakuna mtoto ambaye hajawahi kupigania kipande kikubwa.

Zamani mwalimu alikata katuni gazetini kwa wembe na kuzibandika kwenye kadi. Siku hizi zimejaa katika intaneti, ila lazima ujue kuzitafuta. Ukiandika tu “katuni za siasa na chakula” utaletewa kila aina ya takataka. Kinachosaidia ni jina la mchoraji, na mwaka ukiujua. Makumbusho ya British Museum ya London yameweka maelfu ya michoro ya kale wazi kwa kila mtu. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina hazina yake iitwayo Gallica. Maktaba ya Bunge la Marekani hutoa hata mwongozo wa walimu, unaoeleza silaha za mchoraji: ishara, kutia chumvi, maandishi, mlinganisho na kejeli. Mimi huenda mjini mara moja kwa muhula, nikachapisha ukurasa mmoja wa kila katuni na kutoa nakala. Nakala 12 hutosha darasa la wanafunzi 48, wakikaa wanne wanne.

Huanza na Mwingereza James Gillray. Mwaka 1805 alimchora Waziri Mkuu William Pitt na Napoleon wa Ufaransa wakiwa mezani, na kati yao dunia nzima imepikwa ikawa pudini. Napoleon anajikatia Ulaya. Pitt, kwa utulivu, anajichukulia bahari, na fungu lake ndilo kubwa. Wanafunzi hucheka, kisha mmoja huuliza bahari ina faida gani. Hapo somo la biashara na manowari huwa limeanza lenyewe.

Pili huwapa mchoro wa Draner, uliotoka katika jarida la Kifaransa L'Illustration tarehe 3 Januari 1885, wakati mkutano wa Berlin ukiendelea. Kansela Otto von Bismarck wa Ujerumani ameshika kisu, na keki iliyo mbele yake imeandikwa Afrika. Tatu ni mchoro wa Henri Meyer wa mwaka 1898 katika Le Petit Journal. Mara hii keki ni Uchina, na miongoni mwa walioizunguka ni Malkia Victoria, Kaisari wa Ujerumani na Mfalme wa Urusi. Nyuma yao Mchina ameinua mikono juu, wala hakuna anayemsikiliza.

Katuni si ushahidi mtupu, na hilo pia hulifundisha. Mtu akimwamini Draner atadhani Afrika yote ilikatwa kwa siku moja, juu ya meza moja. La hasha. Mkutano ule, uliofunguliwa Novemba 1884 na kufungwa Februari 1885, uliweka kanuni za unyakuzi, na mipaka mingi ilikuja baadaye. Mpaka wetu na Tanzania ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 na 1890. Basi wanafunzi huandika katika safu mbili: mchoraji amesema nini, na historia inasema nini. Anayejua kuzitenganisha safu hizo hatadanganywa kwa urahisi na picha anazotumiwa kwenye simu.

Muhula mmoja, baada ya kuitazama keki ya Draner, mvulana mmoja alisimama na kusema: “Mwalimu, kosa lilikuwa kutowaalika Waafrika. Wangekuwa mezani wangechukua kipande chao.” Nusu ya darasa ilimpigia makofi.

Makofi yale yalinitia wasiwasi. Ni kweli kwamba Berlin hakukuwa na mjumbe hata mmoja wa Kiafrika. Lakini nilisikia katika maneno ya kijana yule sauti ya mikutano yetu ya hadhara: tupeni mtu wetu mezani nasi tuonje. Nilikuwa nimefundisha dhuluma, nao wakajifunza kutamani kiti. Hawakukasirishwa na kisu; walikasirika tu kwamba kimeshikwa na mwingine.

Kabla sijajibu, msichana aliyezoea kunyamaza aliinua mkono. “Na keki yenyewe iliokwa na nani?”

Tulizitazama upya karatasi zetu. Hakuna tanuri hata moja. Hakuna unga, hakuna kuni, hakuna mikono iliyokanda. Katika michoro yote mitatu chakula kimetokea tu mezani, kana kwamba kimeshushwa kutoka mbinguni. Na ndivyo sisi pia tunavyozungumzia keki ya taifa. Tunapimana vipande, lakini hatumtaji mchuma chai, mvuvi, dereva wa lori wala mama mboga anayelipia kibanda kila siku.

Siku iliyofuata niliwapelekea mchoro mwingine, wa Honoré Daumier wa Ufaransa. Mwaka 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kama Gargantua, jitu la hadithi lisiloshiba. Ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na wachukuzi wanaupanda wakiwa na vikapu vya fedha za kodi za maskini. Hapa angalau kuna wanaolisha. Mwaka 1832 Daumier alitiwa gerezani kwa mchoro huo.

Kisha nikawaambia wachore jiko la keki ya Kenya. Mmoja alichora mstari wa wanawake wenye vikapu mgongoni. Mwingine alichora mkate ambao kila anayepita anaumega kabla haujamfikia mtoto. Walikumbuka vizuri pendekezo la mwaka 2024 la kuutoza mkate kodi ya VAT ya asilimia 16, lililoondolewa Juni mwaka huo baada ya wananchi kupiga kelele. Yule mvulana aliyetaka kiti mezani alimchora baba yake akibeba gunia sokoni. Mbunge hakumchora kabisa.

Wapo wenzangu wanaoniambia nitawatia watoto matatani. Siwacheki. Mwishoni mwa 2024 vijana kadhaa nchini walitoweka, akiwamo mchoraji aliyejulikana kwa vivuli vya viongozi, wakaonekana tena Januari 2025. Mzazi anayemwambia mwanawe aweke kalamu chini anampenda mwanawe. Lakini mimi sifundishi watoto wamtukane nani. Ninawafundisha kusoma picha, na asiyejua kuisoma ndiye atakayeendeshwa nayo.

Hata hivyo ninayo masharti darasani. Chakula cha jamii yoyote kisiwe fimbo ya kuichapia. Samaki, mursik na githeri si matusi. Njaa haichorwi kwa mzaha. Na somo hili silifundishi saa inayotangulia chakula cha mchana, kwa maana katika shule ya kutwa wapo wanaokuja bila kitu mkobani, na si haki kumwonyesha keki mtoto anayejua kwamba saa saba itamkuta akizungukazunguka uwanjani.

Msomaji, huhitaji kuwa mwalimu wala kuwa na kompyuta ili kulifanya jambo hili. Gazeti la leo bila shaka lina katuni. Mchoraji kama Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchora katika gazeti la Nation mwaka 1992, ametuzoesha kuwaona wakubwa wetu katika kila hali, wakiwa wameshiba na wakiwa na njaa. Baada ya chakula cha mchana mwite mwanao mtazame pamoja. Muulize ni nani aliyeshika kisu. Muulize ni nani asiyeonekana mezani. Kisha muulize aliyepika yuko wapi, na umpe nafasi ajibu mwenyewe. Huenda akakuuliza nawe pia, kwani vyombo vya mlo huo vitakuwa bado vinangoja kuoshwa, na atajua ni nani aliyeamka mapema kuwasha jiko.