Sala ya Macho Wazi

Mchungaji anaposema, "Tufumbe macho, tuombe," dada yangu hafumbi. Ni kiziwi tangu utotoni. Wapo wanaomdhania hana adabu mbele za Mungu. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumgusa bega na kumwonyesha ainamishe kichwa. Lakini fikiri, ndugu msomaji: kiziwi akifumba macho, sala imekatika. Mikono ya mkalimani ndiyo sauti, na jicho ndilo sikio.

Sisi tunaosikia tumeirithi ibada ya masikio. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia, na wapo walioushika mstari huo wakadhani Injili haina njia ya kumfikia kiziwi. Katika karne ya 18, padre Charles-Michel de l'Épée wa Paris alianza kuwafundisha mabinti wawili viziwi kwa kuhofia roho zao zisipotee. Huku Afrika alikuja mtu ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, Andrew Foster, Mmarekani mweusi. Alifungua shule Ghana mwaka 1957, na hadi alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 barani. Huyo hakuwahurumia kwa mbali. Alihubiri kwa mikono yake.

Ukitaka kujua ibada ya viziwi, usiende na masikio yako. Hukaa nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya wenzake. Katika lugha za alama nyingi, jina la Yesu husemwa kwa kidole cha kati kugusa kiganja cha pili, kisha upande wa pili vivyo hivyo: ni alama za misumari. Mimi nalitamka jina hilo mara mia bila kukumbuka msalaba, wao hawawezi. Ngoma ikipigwa wanaipokea kifuani na kwenye nyayo. Umeme ukikatika jioni, sisi tutaendelea kuimba gizani, lakini kwao lazima kwanza itafutwe taa.

Biblia nzima katika lugha ya alama ya Marekani ilikamilika mwaka 2020, nayo ni ya kutazama kwenye video. Watu huuliza, kwani viziwi hawajui kusoma? Wengi wanajua. Ila kwa dada yangu Kiswahili cha kitabuni ni lugha ya pili, na mtu huomba kwa ile ya kwanza.

Akija mhubiri mgeni, karibu kila mara dada huitwa mbele aombewe masikio yafunguke, na habari ya Efatha katika Injili ya Marko husomwa. Siku moja aliniambia, kwa mikono yenye hasira: "Wananiombea nisikie. Hakuna aliyeuliza kama nimeelewa mahubiri." Habari yenyewe anaipenda sana, kwa sababu yake. Yesu alimtenga yule mtu na makutano, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama mbinguni. Kabla ya kutamka neno, alimwonyesha.

Mama yetu alipofariki, ilipendekezwa mimi nisome maneno ya dada kwenye karatasi, muda usipotee. Alikataa. Alisimama kando ya jeneza akaomba kwa mikono, nami nikawa natamka kwa ajili ya waombolezaji, waliokuwa wamefumba macho kama kawaida. Katikati ya sala alitumia alama ya nyumbani kwetu tu, aliyoibuni akiwa mdogo, kiganja kikipepea moto wa jikoni. Alama hiyo ilikuwa mama mwenyewe. Sikuwa na neno la Kiswahili la kuweka hapo, nikanyamaza. Aliirudia, tena na tena. Kimya kilipozidi, watu wakaanza kufumbua macho, mmoja mmoja, wakamtazama.