Betri ya Pili kwa Msimu wa Mpunga

Akina mama wa Ifakara hatuna haja ya kuelezwa maana ya kuhamia shamba. Mvua zinapokaribia, familia nyingi za Bonde la Kilombero huchukua sufuria, mikeka, vyandarua na watoto ambao hawajaanza shule, na kwenda kukaa kwenye madungu katikati ya mpunga hadi mavuno. Umeme unazalishwa Kidatu tangu 1975, nasi ni majirani zake, lakini nguzo hazifiki kwenye kila jaruba.

Mashamba yetu yako ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Tuna pikapu kuukuu ya dizeli, na tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe 2018 hatusubiri tena kivuko. Jioni gari hilo ndilo nguzo yetu: taa ya kupikia, redio, na simu za majirani zinazongoja chaji.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, izungushe stata, kisha ijazwe tena na alteneta. Ukiinyonya polepole usiku kucha, alfajiri gari halitoi hata mlio. Na mama aliyewahi kumshika mtoto mwenye degedege saa nane za usiku, hospitali ikiwa ng'ambo ya mto, anajua kwamba huo si wakati wa kusukuma gari kwenye tope.

Baba alitaka kila kitu kizimwe saa mbili. Mama akasema mtoto hanyonyeshwi gizani, na nyoka haonekani gizani. Tukakubaliana kununua betri ya pili, ingawa fedha zake tulizitenga kwa ajili ya mabati ya jiko.

Fundi umeme wa magari alivuta waya mnene kutoka chanya ya betri ya kwanza hadi chanya ya pili, na katikati akaweka rilei. Injini ikiwaka, rilei huziunganisha betri na alteneta huzijaza zote mbili. Injini ikizimwa, huzitenganisha. Taa, redio na simu hula betri ya pili peke yake. Hata ikikauka kabisa, ya kwanza haina habari.

Mengine ni usalama. Fyuzi ni mbili, moja karibu na kila betri, kwa kuwa waya uliochubuka ukigusa bodi huweza kuwasha moto, na umeme wake hutoka pande zote mbili. Wako mafundi wanaoona hiyo ni kazi ya bure; sisi tulisimama pale mpaka zikawekwa. Betri isikae wanapokaa watoto, maana ikijazwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, na maji yake ni tindikali. Yetu iko nyuma ya gari, imefungwa imara ndani ya sanduku lenye matundu. Wenye magari mapya waulize kwanza, kwa sababu baadhi ya alteneta za siku hizi huongozwa na kompyuta na huhitaji kifaa kingine badala ya rilei.

Taa tatu za wati 5 kwa saa tano hutumia kama ampea-saa 6. Betri ya ampea-saa 70 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo simu za majirani zina nafasi. Shemeji aliuliza habari za pasi ya wati 1,000. Hiyo ingevuta zaidi ya ampea 80! Anaendelea na ya mkaa.

Msimu uliopita, mwezi wa tatu, jirani alikuja mbio na mtoto anayetetemeka. Taa za dunguni zilikuwa zinawaka tangu saa kumi na mbili jioni. Gari liliwaka mara ya kwanza. Mtoto alifika hospitali Ifakara kabla ya mapambazuko, na siku ya nne alirudi amekaa kwenye mapaja ya mama yake, akidai muwa.

Kazi ya kupima imebaki kwa mama. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, tunaweka kipimo kwenye betri ya pili: volti 12.6 au zaidi imejaa, ikikaribia 12.0, usiku ule ni taa moja tu na redio inanyamaza. Mabati tutanunua baada ya mavuno.