Lenzi ya zamani, kamera mpya: kuingia si kukubaliana

Leo naweka programu kando kidogo. Kuna jambo la kamera za filamu limenisumbua wiki mbili hizi, na ukilitazama vizuri ni lile lile la matoleo tunalopambana nalo kazini.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha hapa Nakuru: pasipoti, harusi, na Jumapili wageni kule ziwani. Amenipa lenzi yake ya Nikkor, milimita 135, ya kabla ya 1977. Mimi nina Nikon FM2, kamera iliyotoka 1982. Kampuni moja, na mdomo ni uleule ulioanza na Nikon F mwaka 1959. Basi si itaingia tu?

Ngoja kwanza. Mwaka 1977 Nikon walileta mtindo wa AI. Ukingo wa pete ya tundu la lenzi ulikatwa kidogo, ili usukume kijiti kilicho kwenye kamera na kukijulisha kipima mwanga tundu limewekwa wapi. Lenzi za kabla ya hapo ukingo wake ni mzima. Ukiikaza kwenye FM2, ukingo unakikandamiza kile kijiti, na kinaweza kupinda au kuvunjika.

Linganisha na Canon. Lenzi zao za FD hazifungi kabisa kwenye kamera za EOS zilizoanza 1987. Inaudhi, lakini angalau unajua mapema. Nikon waliuacha mdomo uleule, wakabadilisha mazungumzo ya ndani. Waandishi wa programu mnanielewa: kinachokataa waziwazi kina nafuu kuliko kinachokubali halafu kikaharibu kimyakimya.

Fundi mmoja alishauri tusage ukingo kwa tupa. Wengi wamefanya hivyo. Lakini chuma kikishasagwa hakirudi, na hakuna nakala ya akiba. Nikampigia mwenyewe.

"Mjomba, fundi anataka kuisaga lenzi yako."

"Si yangu tena, ni yako. Ila usiirudishe kabatini. Ifanye kazi."

Nikatafuta njia ya tatu: Nikon FM ya 1977, kaka yake FM2. Kijiti chake hukunjwa, kwa hiyo lenzi ya zamani inaingia salama. Taabu yake ni kwamba ukitaka kupima mwanga lazima kwanza ulifunge tundu kwa mkono, na unachokiona kinaingia giza. Ni polepole, lakini inafanya kazi, na pete ya mjomba imebaki nzima. Nimepata moja ya mtumba.

Maji ya Ziwa Nakuru yalipanda miaka ya 2010 na heroe wengi wakahamia Bogoria, hivyo filamu ya kwanza itapigwa huko.

Nawe ukipewa lenzi ya Nikon ya zamani, itazame pete. Safu mbili za namba za tundu, kubwa na ndogo, maana yake ni AI. Ukiona safu moja tu, usikaze mpaka uukague ukingo.