Msiondoe Saa Hizi Mbili

Hapa kwetu Karavia, Lubumbashi, wazazi wengine husema: watoto wafundishwe sayansi na hesabu tu, maana ndizo zitakazowapa diploma. Saa ya kusoma vitabu na saa ya mazoezi ya viungo, eti, ni kupoteza feza. Mimi nami nalipa feza za shule, tena ni nzito, lakini neno hilo silikubali.

Tazameni malakiti, lile jiwe la kijani la Katanga yetu. Mwalimu akilipasha moto katika bomba la kioo, linageuka jeusi, na matone ya maji yanaonekana juu. Lichanganywe na makaa, litiwe moto mkali, shaba inatokea. Binti yangu alifundishwa hayo, akaja nyumbani akiuliza: «Baba, hapa kwetu nani alijua kazi hii kwanza?» Daftari lake halikuwa na jibu. Jibu lilikuwa katika maandiko. Mwaka wa 1926 Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari za «walaji wa shaba» wa Katanga: mafundi waliojenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta, wakamimina shaba iwe na umbo la msalaba. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha mwaka wa 1911. Mafundi wetu walikwisha kutangulia kwa mamia ya miaka. Binti akasema: «Kumbe babu zetu walijua kemia!» Siku zile hakulala mapema, alitaka kusoma tu. Simu nayo husema mengi, lakini haimfundishi mtoto kupambanua habari na uvumi.

Na michezo je? Mwaka wa 1939 mapadre Wabenediktini wa shule ya Mtakatifu Bonifasi, mjini humu, walianzisha timu ya mpira kwa wanafunzi wao. Ndiyo leo TP Mazembe. Ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka wa 1967 na 1968. Mwaka wa 2010 ilicheza fainali ya vilabu vya dunia, ikafungwa na Inter ya Milano 3-0. Wazazi wanaoita michezo upuuzi, siku ya Mazembe huwaoni kazini!

Lakini sitafuti kombe. Saa ya mazoezi ikifutwa, mvulana atacheza mpira njiani. Msichana ataitwa jikoni. Kwa hiyo nitamwomba Prefe aiache ilivyo, na kwa vitabu kila mzazi alete kimoja. Changu kiko tayari mezani.