Trekta kwa Ekari 12

Basi bwana, kuna simu ambazo ukiona tu jina la mpigaji unajua leo huponi. Mwaka juzi Baba alinipigia nikiwa chumba cha habari, stori bado haijaisha na mhariri amenisimamia kichwani. Hakuzunguka: "Mwanangu, mafao yametoka. Nitafutie trekta huko Dar."

Baba amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini. Ana ekari 12 karibu na Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, pale kwenye soko la mahindi mnalolipita mkiwa kwenye basi la Dodoma. Hajawahi kushika fedha nyingi kama zile, na za namna ile hazitakuja tena. Sasa anataka kuziweka zote kwenye chuma kimoja, na aliyetumwa kukichagua ni mimi, nisiyejua hata kubadili tairi la gari!

Nikamchukua fundi wa matrekta, tukaenda kwenye yadi moja kuona Massey Ferguson 240 iliyotumika. Nyekundu, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Dalali anataka milioni 24. Mimi nikaanza kutabasamu peke yangu. Fundi hakuiangalia hata hiyo rangi. Aliweka kiganja kwenye injini, akaniita.

"Mwandishi, hebu shika hapa."

Ya moto.

"Wameiwasha kabla hatujafika. Trekta la kununua uliwashe mwenyewe likiwa la baridi. Hapo ndipo linasema ukweli."

Akaomba lifungwe plau, ikanyanyuliwa juu, injini ikazimwa. Tukasimama tunapiga soga. Dakika chache tu, plau ikawa imeshuka yenyewe taratibu mpaka chini. Haidroliki imechoka. Akatikisa gurudumu la mbele, likacheza kama jino la mtoto. Rangi mpya haikufika huko. Tukaaga.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Trekta la nguvu za farasi 50 hivi, lenye plau ya sahani tatu, hulima ekari moja kwa saa moja na nusu kama mambo yakienda vizuri. Ekari 12 ni saa 18. Kupiga haro tuseme saa 9. Jumla saa 27, yaani siku tatu za kazi. Ndugu msomaji, siku tatu kwa mwaka mzima! Siku 362 zilizobaki chuma cha milioni 24 kitalala chini ya mwembe, panya wakitafuna nyaya. Nikaona kesi nimeishinda. Mwisho wa wiki nikapanda basi na karatasi yangu mfukoni.

Mzee aliisoma polepole, kalamu mkononi, kama anayesahihisha daftari. Kisha akanirudishia. "Hesabu ni sahihi. Sasa nikuulize, hizo siku tatu ni zipi?"

Nikanyamaza.

Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na katikati inaweza kukatika bila kumuaga mtu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kijiji kizima kinamkimbilia mwenye trekta yule yule. Msimu uliotangulia Baba alilipa mapema, bado akasubiri zamu wiki tatu. Mahindi yake yakakutana na jua kali yakiwa yanachanua. Ekari 12 zikatoa gunia 11. Na hili hakuwahi kuniambia kwenye simu. Kila nilipomuuliza habari za shamba alijibu, "Tunamshukuru Mungu."

"Wewe umehesabu saa," akasema. "Mimi nimekuwa nikihesabu mvua."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mimi nilikuwa sahihi, na yeye alikuwa sahihi.

Nikamkumbusha somo alilolifundisha mwenyewe darasani. Kongwa yetu hii ndiyo iliyopokea mradi wa karanga wa Waingereza, mwaka 1947. Walileta matrekta kwa wingi, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo ule ukikauka unakuwa kama saruji, ukawavunjia zana. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshazama. "Baba, wale hawakukosa matrekta." Akacheka. "Kweli. Hawakuuliza udongo."

Tukaenda kuuliza, kwa bwana shamba. Yeye hakuuliza tunataka trekta gani, aliuliza tunataka kufunga nini nyuma yake. Plau ya sahani inataka ardhi iliyolowa, ndiyo maana watu wote wanaihitaji wiki moja. Tena ikipita kina kile kile kila mwaka, chini linabaki tabaka gumu lisilopitisha maji wala mizizi. Ripa inachana mistari ya kupandia tu, inapasua tabaka lile, na inaingia shambani ardhi ikiwa kavu, kuanzia Oktoba. Mvua ya kwanza inakuta mistari iko wazi, maji yanazama badala ya kukimbia.

Mnaona kilichotokea? Zile siku tatu zikawa wiki kadhaa. Unamaliza kwako, unawachania majirani kwa malipo kabla mvua haijaja. Ukishavuna, tela linabeba magunia kwenda sokoni, linabeba mchanga, tofali na maji. Kumbe karatasi yangu ilikuwa na kosa moja: nilihesabu trekta, zana nikazisahau.

Tukagawa fedha upya. Nusu na kidogo ya trekta, robo ya zana, yaani ripa ya meno mawili na tela. Iliyobaki ni akiba ya vipuri, dizeli na dereva. Tulipata Massey Ferguson 135, kizee hasa, toleo hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1964. Rangi imepauka, lakini vipuri vyake havisumbui kupatikana. Tulifika alfajiri, injini ya baridi kabisa. Fundi akaiwasha, ikakohoa mara moja, ikaitika.

Nisiwadanganye kwamba tumetajirika. Mwezi wa kwanza tu jino moja la ripa lilivunjika, na mwezi wa Januari klachi ikaisha. Bila ile akiba, trekta lingekuwa chini ya mwembe kama nilivyotabiri. Lakini mvua ya kwanza ilimkuta Baba ameshamaliza. Alivuna gunia 74. Mvua nayo ilikuwa nzuri, kwa hiyo sifa zote tusilipe trekta. Na kwa fedha taslimu, tela limeingiza zaidi ya shamba lenyewe.

Wengi wetu tuna wazazi wanaokaribia kustaafu, na siku ya simu kama ile itafika. Ushauri wangu ni mdogo. Usikimbilie kumkatalia kwa kalkuleta. Muulize kwanza anaogopa nini, halafu ndiyo mkae mhesabu pamoja.

Juzi kapiga tena. "Mwanangu, nitafutie mashine ya kupandia."

Safari hii mimi ndiye niliyeuliza: "Ya siku zipi, Baba?"