Mguu si Daftari

Wiki hii hatuandiki juu ya bei ya unga wala juu ya zamu ya likelemba. Tunaandika juu ya mguu.

Mguu wenyewe ni wa binti wa mwenzetu mmoja hapa Manika, binti wa miaka 20. Jumamosi moja tulikuwa kwa mama yake tunahesabu michango, tukamwona anapita uwanjani akichechemea, kitenge amekishusha mpaka chini. Mama yake akamwita, akakiinua kile kitenge. Kwenye shavu la mguu kulikuwa na ua kubwa, jekundu na njano, limevimba na linatoa maji. Tulipougusa mguu, ulikuwa wa moto.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Mimi mwenyewe, mama. Nilikuwa ninajifunza kutia kivuli."

Hapo tulipiga kelele sote pamoja. Mmoja alisema hayo ni mambo ya wahuni. Mwingine alisema mtoto amerogwa. Mwingine alitaka ile mashine itupwe kwenye choo siku hiyo hiyo. Binti akanyamaza mpaka tulipochoka, kisha akasema neno moja: "Sitaki kurudi kwenye maji."

Sote tulielewa. Wengi wetu tumesimama kwenye maji, tumeinama tangu asubuhi tukiosha mawe ya wachimbaji, mgongo unauma na ngozi inawasha. Binti huyu alianza kazi hiyo akiwa mdogo, na wakati huo huo alikuwa anachora: kwenye madaftari, kwenye ukuta wa jiko, kwenye mikono ya wenzake kwa kalamu. Alikuwa anatafuta kazi ya mikono yake, ila hakuwa na wa kumfundisha.

Tulimpeleka kwanza kwenye kituo cha afya. Mwuguzi alisafisha kidonda, akampa dawa na sindano ya pepopunda, kisha akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: sindano ile ilikuwa ya nani? Binti alijibu kwamba alikuwa ameiazima kwa rafiki na kuifuta kwa kitambaa chenye pombe. Mwuguzi akaweka kalamu chini. Alitueleza kwamba kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Sindano hiyo hiyo inaweza pia kupitisha homa ya ini aina ya C na virusi vya ukimwi. Kuifuta hakutoshi. Alimpima, akamwambia arudi apimwe tena baada ya miezi 3. Miezi hiyo 3 mama yake hakulala vizuri, wala sisi.

Nyumbani kulikuwa na mkubwa mmoja aliyekuwa hajasema kitu. Ni kambo, mama yake bibi wa binti, Muluba wa zamani, mwenye chale tumboni na mgongoni, zimeinuka kama punje za mahindi. Alimwita mjukuu wake karibu, akauchukua mkono wake na kuupitisha juu ya alama zile.

"Mutu hajikate yeye mwenyewe," akasema. "Unalala, mwingine anakata. Inapona, ndiyo munaendelea. Mukono yako iko na haraka, mutoto."

Tulikaa kimya. Tulikuwa tumeita jambo hilo mambo ya wahuni, na hapa mbele yetu alikuwapo kambo wetu, amevaa kazi ya mkono wa fundi tangu ujana wake. Kuandika ngozi si jambo geni katika Lualaba. Wachokwe wa upande wa Dilolo wana kinyago cha Pwo, uso wa mwanamke mzuri, wenye alama kwenye paji na mistari chini ya macho mfano wa machozi. Waluba walichonga viti vya wakubwa vinavyobebwa na umbo la mwanamke aliyejaa chale. Kambo hakutiwa rangi hata moja. Jua likimpiga kwa upande, kila punje inatoa kivuli chake.

Basi tukaacha kupiga kelele, tukatafuta mtu anayeijua kazi. Kijana mmoja wa hapa mjini, aliyejifunzia Lubumbashi, alikubali kuja. Aliutazama mguu kwa muda mrefu, akatufafanulia makosa moja moja. Tunayaandika hapa kwa sababu binti zenu na wana wenu wanaweza kuwa wanafanya hivyo hivyo nyuma ya mlango.

Kosa la kwanza lilikuwa rangi yenyewe. Wino wa tatuu unakaa katika tabaka la pili la ngozi, kwenye kina cha milimita 1 hadi 2. Juu yake kuna tabaka lenye weusi wetu, na rangi tunaiona kupitia tabaka hilo. Ni kama sukari chini ya glasi ya chai: ni nyeupe, lakini jicho linaiona kahawia. Kwa hiyo njano na rangi nyingine za kupauka hazionekani sana kwetu. Nyeusi, nyekundu iliyoiva, bluu na kijani kilichokolea ndizo zinazosimama. Binti aliona njano yake haitoki, akairudia. Ikakataa, akairudia tena, mara 3 katika usiku mmoja, mahali pale pale. Wakati huo alikuwa anachimba nyama tu. Ngozi iliyochoka haishiki rangi. Inatoa damu na maji, na rangi inatoka navyo.

Kosa la pili lilikuwa taa. Umeme ulikuwa umekatika, akaendelea kwa betri na tochi ya simu. Mwanga wa tochi unatoka upande mmoja, kwa hiyo kila uvimbe unatoa kivuli cha uongo. Alipodhani anafuata kivuli cha ua, alikuwa anafuata kivuli cha kidonda.

Kosa la tatu lilikuwa mkono. Anayechora anahitaji mikono miwili: mmoja unashika mashine, mwingine unaivuta ngozi ikaze kama ngozi ya ngoma. Binti alilazimika kujipinda ili aufikie mguu, na mkono wa pili ukawa unashikilia tochi. Juu ya hayo, anayejichoma mwenyewe anasikia maumivu, na mkono unaosikia maumivu unakimbia. Ndiyo maana kivuli chake kilitoka na madoa: hapa kizito, hapa kitupu. Kambo aliyaona hayo bila kujua mashine.

Tulimwuliza yule kijana: sasa ajifunze vipi? Alisema aanze na penseli. Achore visanduku 5 mfululizo, cha kwanza cheusi kabisa, cha mwisho cheupe, na jicho lisione ngazi kati yao. Mkono usioweza hilo kwa penseli hautaliweza kwa sindano.

Baada ya penseli, aende kwenye ganda la ndizi na la chungwa. Ganda likichanika, amekandamiza mno. Kisha ngozi ya nguruwe kutoka kwa mchinjaji, au ngozi bandia ya mazoezi akiipata.

Aweke vikombe 3 vya wino mweusi wa tatuu: kimoja mzito, kimoja nusu kwa nusu na maji safi ya sindano yanayouzwa famasi, kimoja maji mengi na matone machache ya wino. Aanze na mzito penye giza, amalizie na mwepesi. Sindano iende kama ufagio uwanjani: inagusa, inapita, inainuka. Inapoinuka taratibu ndipo rangi inapofifia yenyewe. Na mahali pa mwanga apaache patupu, kwa sababu ngozi yetu nayo ni rangi.

Na kwenye mwili wake mwenyewe? Kijana alijibu waziwazi kwamba mafundi wengi wamewahi kujichora, lakini si kwa kuanza, na si peke yao usiku. Aliyefikia hapo achague juu ya paja, mahali anapopaona na mikono yote miwili inapafika. Achore kitu kidogo, mchana, kwa sindano mpya iliyofungwa, glovu mpya na wino wa tatuu, si wa kalamu wala rangi ya nywele. Sindano iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, isiachwe watoto wakaiokota. Apite mara moja, aache. Kama kivuli hakikutosha, angoje mwezi mzima au zaidi mpaka ngozi ipone kabisa. Mwenye makovu yanayovimba na kukua asijaribu hata kidogo. Mwenye mimba naye angoje.

Sisi tuliongeza jambo moja ambalo yule kijana hakulisema. Hapa kwetu magari ya mizigo hayaishi kupita, na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria ya bukari. Tatuu mbichi ni kidonda. Ioshwe kwa maji safi na sabuni, ilindwe na vumbi, wala mtu asiingie nayo kwenye maji ya kuoshea mawe.

Mwezi uliofuata zamu ya likelemba ilikuwa ya mama wa binti. Alikuwa amepanga kununua mabati. Tulizungumza mpaka giza likaingia, na si wote tuliokubaliana. Mmoja wetu mpaka leo hapendi kazi hii, na tunamheshimu. Mwishoni mama aligawa feza: sehemu mabati, sehemu mashine nzuri, sindano mpya na glovu. Lakini aliweka sharti, nasi tukasimama naye: hakuna kugusa ngozi ya mtu, hata yake mwenyewe, mpaka majibu ya pili yatoke na mpaka yule kijana aseme mkono umeiva.

Majibu yalitoka mazuri. Siku hiyo tulipiga vigelegele kwenye barabara, watu wakadhani kuna harusi.

Sasa binti anakaa kila alasiri chini ya mwembe na maganda yake. Ua la mguuni limepona vibaya, upande mmoja umeinuka, na njano imekuwa kama udongo. Yule kijana alisema anaweza kulifunika kwa majani meusi. Binti amekataa, analiacha kama lilivyo. Juma lililopita alimwonyesha kambo ganda la ndizi lenye ua jipya, limetoka giza mpaka mwanga bila ngazi hata moja. Kambo macho yake hayaoni vizuri tena. Alilipapasa kwa kidole, hakusikia mchaniko.

"Haraka imetoka," akasema.